Barua za Wasomaji: Wikendi Nyikani Baringo, Pesa Imfikie Mwenyewe

Barua za toleo hili zimetoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Mtu anataka kwenda kuona nchi kavu kwa siku mbili bila kuiharibu, na anachotumia huko kiwafae wanaoishi huko. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa swali.

Sisi ni walimu wanane wa Kakamega. Tuna Ijumaa jioni hadi Jumapili. Wengine wanataka Turkana, wengine Baringo. Tuelekezeni. – Walimu, Kakamega

Walimu wetu, Turkana itengeeni siku nne au tano. Kutoka Kitale hadi Lodwar pekee ni takriban kilomita 300, na kutoka Lodwar hadi ziwani, iwe Kalokol au Eliye, bado mna zaidi ya saa nzima. Mkijaribu kwa wikendi mtaona dirisha la gari na vumbi. Isitoshe, kipande cha Marich hadi Kainuk na Lokichar kimewahi kuwa na mashambulizi ya barabarani. Hakipitwi usiku, na hakipitwi kabla ya kuuliza polisi wa Kapenguria hali ya siku hiyo.

Jangwa hasa, lile la Chalbi, liko Marsabit, ng'ambo ya Ziwa Turkana. Baringo ni nusu-jangwa, na kwa mtu wa Kakamega tofauti inatosha kumshangaza. Nyinyi hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Marigat hupata kama 600 na kitu, na jua la huko lina uwezo wa kukausha maji mara kadhaa ya kiasi hicho.

Njia yenu ni Eldoret, Iten, Kabarnet, Marigat. Ni lami, lakini mtateremka mara mbili: kutoka Iten, iliyo juu ya mita 2,000, hadi sakafu ya bonde la Kerio, kisha mpande Kabarnet na kuteremka tena hadi Marigat, karibu na mita 1,000. Matatu ya kukodi yenye watu wanane na mizigo huunguza breki hapo. Dereva ashuke kwa gia ya pili na akanyage breki kwa vipindi, asiishikilie. Harufu ya kuungua ikitokea, simameni mahali tambarare nusu saa, wala msimwagie maji gurudumu lenye moto, maana chuma hupinda au kupasuka. Kwa hiyo Ijumaa laleni Eldoret au Iten, msiteremke gizani.

Jumamosi ondokeni saa kumi na moja unusu alfajiri, muwe kwenye lango la Loboi la Ziwa Bogoria kabla ya jua kupanda sana. Saa sita mtoke, mle Marigat, mpumzike kivulini, saa kumi muwe Kampi ya Samaki kwenye Ziwa Baringo. Jumapili panda mashua mapema, na saa tano muanze kurudi. Mkijaza zaidi ya hapo mtachoka, na mtu aliyechoka hana subira ya kuzungumza na mwuzaji wala kuuliza maswali tunayoyataja hapa chini.

Kila mahali pa kulala siku hizi panajiita rafiki wa mazingira. Nitajuaje ukweli kabla ya kulipa? – Msomaji, Milimani, Nakuru

Kwanza tutenganishe alama. Alama ya Fairtrade huwekwa kwenye bidhaa, kama chai, kahawa na maua ya Naivasha. Haiwekwi kwenye kambi wala hoteli. Alama ya WFTO, shirika la kimataifa la biashara ya haki, hupewa shirika zima linalotengeneza na kuuza bidhaa, mara nyingi za mikono, baada ya kukaguliwa kwa misingi kumi ya biashara ya haki. Kwa malazi, Kenya ina ukadiriaji ulioanzishwa na Ecotourism Kenya wenye ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mwenye nyumba akisema amekadiriwa, muulize ngazi gani na cheti kinaisha lini. Vyeti hivi vina muda, na bango la zamani hubaki ukutani.

Hata hivyo kambi nyingi ndogo za wenyeji wa Baringo hazina cheti chochote kwa sababu ukaguzi una gharama, na baadhi yake ndizo safi kuliko zote. Kwa hiyo piga simu uulize mambo manne, kisha usikilize kama jibu lina maelezo au lina sifa tu.

Maji yanatoka wapi? Jibu zuri hutaja mahali: kisima, bomba la mradi, tangi la mvua la lita kadhaa. Ukiona bustani ya nyasi mbichi Januari mahali ambapo mbuzi wanakonda, maji hayo yametoka kwa mtu.

Maji ya kuoga yanapashwa kwa nini? Marigat huwa na nyuzi 32 hadi 37 mchana, kwa hiyo paipu nyeusi juu ya paa inatosha. Jiko la kuni la kupasha maji usiku kucha linakula migunga ambayo huchukua miaka mingi kurudi.

Taka zinaishia wapi? Wengi watasema, "Tunachoma." Hilo si jibu. Majivu ya plastiki hupeperushwa hadi ziwani. Jibu la kutafuta ni kwamba mabaki ya chakula yanaenda shimo la mboji, chupa na makopo yanarudi Marigat au Nakuru kwa wanaonunua.

La nne ndilo zito: ardhi ni ya nani, na jamii inapata nini? Eneo la uhifadhi la kijamii lina kamati, lina daftari la mapato, na mtu wa mapokezi anaweza kukuambia ada ya kitanda imesomesha nani au imechimba kisima kipi. Ruko, mashariki mwa Ziwa Baringo, ni mfano tunaoupenda. Ni la Wailchamus na Wapokot pamoja, jamii ambazo zimewahi kuibiana mifugo na kuuana, na leo walinzi wake wanatoka pande zote mbili. Maji ya ziwa yalipopanda na kukimeza kisiwa cha Longicharo polepole, twiga waliokuwa huko walivushwa mmoja mmoja kwa chelezo hadi bara, kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021. Unafika kwa mashua kutoka Kampi ya Samaki. Ulizia hali ya usalama siku moja kabla, maana mambo ya upande wa Tiaty hubadilika haraka.

Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa. Nimesikia maji ya Baringo yanaharibu meno. Nibebe maji kiasi gani, na je, nikiyachemsha ya huko? – Mama, Kondele, Kisumu

Mama, ulichosikia ni kweli kwa visima vingi vya Bonde la Ufa. Miamba ya volkano hutoa floraidi, na kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima kadhaa vya Nakuru na Baringo vinazidi hapo. Meno ya kudumu ya mtoto hujijenga ndani ya ufizi hadi kama miaka minane, na floraidi nyingi katika umri huo ndiyo huacha yale madoa ya kahawia. Wikendi moja haitawaharibu wanao. Wanaoumia ni watoto wanaokunywa kisima hicho mwaka baada ya mwaka.

Kuchemsha hakusaidii kwa floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo zaidi. Kuchemsha huua vijidudu tu. Kinachoondoa floraidi ni kichujio cha mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo mradi wa maji wa Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru uliiendeleza kwa miaka mingi. Ukifika mahali pa kulala uliza kama wanacho na mkaa wake ulibadilishwa lini, kwa sababu ukishajaa hauchuji tena na hauonyeshi dalili yoyote kwa macho.

Kiasi: mtu mzima lita 5 za kunywa kwa siku, mtoto wa umri huo lita 3. Wazazi wawili na watoto watatu kwa siku mbili ni lita 38. Mitungi miwili ya lita 20 basi, iliyojazwa nyumbani, ifunikwe kwa kanga iliyoloweshwa ili ibaki baridi. Beba chupa moja ya kujaza kwa kila mtoto. Usinunue katoni ya chupa ndogo: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na hifadhi za Kenya, na chupa za maji zimo.

Mtoto asipoenda kukojoa kwa saa sita, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, msimamishe kivulini. Mchanganyie lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari visivyo na kilima, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo.

Tukienda Bogoria huwa tunachemsha mayai kwenye chemchemi. Rafiki yangu anasema ni vibaya. – Kijana, Free Area, Nakuru

Yai lenyewe halina neno. Vibaya ni maganda, mifuko na karatasi za chumvi zinazobaki kwenye mawe ya Loburu baada ya kila sikukuu. Ukichemsha, tumia kikapu cha waya chenye mpini mrefu, dakika kumi hadi kumi na mbili (kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi kama 97, si 100), na maganda yote urudi nayo Nakuru.

La hatari ni ardhi. Pembeni mwa chemchemi kuna ganda la madini ambalo juu linaonekana mwamba na chini lina maji yanayotokota. Likivunjika mguu unazama hadi goti, na ngozi hutoka pamoja na soksi. Kanyaga palipokanyagwa, mwache mwongozaji atangulie, watoto washikwe mkono. Maji yale usiyanywe wala usiyaogee.

Kuhusu flamingo: wanakula mwani mdogo wa maji ya magadi, na hutumia muda mwingi wa siku wakichuja. Ukiwakimbiza ili waruke upate video, umewanyima chakula na umewachosha. Wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja, umeshafika karibu mno, rudi nyuma.

Na ujue uko kwa nani. Waendorois waliondolewa kwenye ardhi hii miaka ya 1970 hifadhi ilipoanzishwa. Walishtaki hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ukawapa haki, ukiwamo mgao wa mapato. Utekelezaji wake umekwenda polepole mno, na tunaona ni aibu. Wewe kama mgeni unaweza kufanya hivi: lipa kiingilio rasmi na uchukue risiti, kisha chukua mwongozaji mwenyeji wa Loboi na ule chakula cha mchana kwa mama wa Loboi badala ya kubeba kila kitu kutoka duka kubwa la mjini.

Mwenye mashua Baringo alitaka kurusha samaki ili furukombe ashuke tupige picha. Je, ni sawa? – Mpiga picha, Eldoret

Tunashauri ukatae kwa upole. Ili samaki aelee, huchomekwa kijiti chepesi ndani yake, na ndege hukimeza au kukihangaikia. Furukombe aliyezoea hukaa akingoja injini badala ya kuwinda. Mwambie mwenye mashua kabla hujapanda kwamba utamlipa saa nzima bila samaki, ili asione amepoteza kitu. Saa kumi na mbili unusu asubuhi furukombe huwinda wenyewe na mwanga ni mzuri kuliko wa saa nne.

Bei ya mashua huwa ya mashua nzima kwa saa, si ya kila kichwa, hivyo kubalianeni kwa sauti mbele ya wote. Kila abiria awe na jaketi la kujiokolea lenye vifungo vinavyofunga. Ziwa lina viboko na mamba, na baada ya maji kupanda kuna miti na paa za nyumba zilizozama ambazo injini inaweza kugonga. Mwenye mashua anayepunguza mwendo karibu na ukingo ndiye wa kurudi kwake.

Nina kibanda cha vitu vya mikono Kisumu. Nataka kuagiza vikapu na shanga kutoka kwa akina mama wa nyanda kavu, kwa haki. Nianzeje, na bei nitaijuaje? – Mfanyabiashara, Kisumu

Hili ni swali tulilolingojea, kwa sababu bei ndipo maneno ya haki yanapopimwa.

Kwanza ujue unanunua nini kutoka kwa nani. Vikapu vya miyaa ya mkoma ni kazi ya Waturkana hasa, na mikoma iko kwa wingi kando ya mto Turkwel na ziwa. Baringo utapata zaidi shanga na vibuyu vya maziwa vya Wailchamus na Wapokot. Ukiuziwa kikapu cha Turkana Marigat, jua kimeshapita mikono miwili au mitatu, na sehemu ya pesa imebaki njiani.

Bei anza na siku. Muulize mama mwenyewe kikapu cha kipimo hicho kinamchukua siku ngapi akiwa na kazi za nyumbani pia. Tuseme ni siku tatu, na tuseme kibarua cha shamba mahali hapo kinalipa shilingi 400 kwa siku. Hiyo ni 1,200. Miyaa na rangi tuseme 200. Kikapu kisiwe chini ya 1,400 mkononi mwake. Ukitajiwa 600, usifurahi. Ama siku ulizohesabu si sahihi, ama kuna mtu anafanya kazi bure, na kwa kawaida ni huyo mama. Mara nyingi anataja bei ndogo kwa sababu mwaka wa ukame ana njaa leo, na mnunuzi anajua. Kupatana bei si dhambi, soko lolote kama la Kibuye lina hilo, lakini patana baada ya hesabu ya siku kufanyika, na usishuke chini yake.

Ukiagiza ishirini, fanya hivi. Chagua kikapu kimoja cha mfano, kibaki kwa kikundi. Andikeni kwenye daftari mbili, moja yako na moja yao: upana wa mdomo na kimo kwa sentimita, rangi, idadi, bei, tarehe. Wape kipimo cha kamba, kwa kuwa utepe hupotea. Lipa nusu mbele, nusu siku ya kupokea, usiseme utalipa ukishauza. Mpe kila mmoja wao kazi anayoiweza badala ya kumpa mwenyekiti oda yote, na uombe majina na kiasi viandikwe. Muda uwe mrefu: kiangazi kikizidi akina mama hutembea mbali kutafuta maji na kusuka kunasimama. Ukiwalazimisha tarehe, utapata mizunguko iliyolegea.

Kikapu kizuri kikaguliwe hivi. Kiinue kwenye jua utazame ndani. Nuru ikipenya kati ya mizunguko, hakijakazwa. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ya dukani isiyochemshwa vizuri itatoka, na itachafua nguo za mteja. Angalia matundu madogo yenye unga, ni wadudu. Kikiwa nayo, kiweke kwenye friza wiki mbili ndani ya mfuko uliofungwa, kisha jua kali.

Jambo linalowaharibia wengi wa Kisumu ni ukungu. Miyaa iliyokauka Lodwar ikiletwa kando ya Ziwa Victoria hunyonya unyevu wa hewa. Ukivipanga vikapu ndani ya plastiki kwenye buti la gari, baada ya wiki vina madoa meusi yasiyotoka. Visafirishe kwenye magunia ya katani, kibandani vining'inize visigusane, na masika yakija vianike kila wiki.

Uliza pia miyaa inakatwaje. Yanayofaa ni majani machanga ambayo hayajafunguka. Wakikata yote mti hudumaa, na moyo wa shina ukiharibiwa shina hilo hufa. Kikundi kinachoacha majani machanga kwenye kila mti kitakuwa na vikapu miaka kumi ijayo, kwa hiyo hao ndio wa kuingia nao mkataba.

Kwa shanga tuna neno moja tu. Vuta uzi kwa nguvu ya kawaida na utazame fundo la mwisho. Uzi wa pamba hukatika kwa jasho, wa nailoni hudumu. Usinunue kitu chenye ngozi ya mamba, gamba la kobe, manyoya ya mbuni au jino la mnyama wa porini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakushika wewe uliyekutwa nacho, bila kujali ulinunua kwa nani.

Asali ya kando ya barabara Marigat ni ya kweli? – Msomaji, Njoro

Nyingine ni ya kweli, nyingine ni sukari ya kuchemsha. Majaribio ya kiberiti, sisimizi na tone ndani ya maji hayaaminiki: asali halisi nyepesi hushindwa, na sukari iliyochemshwa nzito hufaulu. Nunua kwa kikundi cha wafugaji nyuki chenye lebo na kifaa cha kupima unyevu. Unyevu usizidi asilimia 20, ukizidi asali huchacha, utaona povu na kusikia harufu ya pombe ukifungua kifuniko.

Pima bei kwa kilo. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4. Chupa ya mililita 750 inabeba kilo moja na kidogo, na ya 500 ni gramu 700. Ukiambiwa "nusu", uliza nusu ya lita au ya kilo, ndipo ulinganishe na duka la Nakuru.

Harufu kali ya moshi inatokana na uvunaji: mzinga wa gogo ulifukizwa kwa moto mkubwa. Muulize mwuzaji kama waliwaachia nyuki masega ya kula. Mvunaji mwangalifu atakujibu mara moja. Asali ikiganda haijaharibika. Tia chupa kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unavumilia, si yanayochemka. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, iwe safi namna gani.

Makaa ya Marigat ni bei nafuu. Kuna ubaya kurudi na gunia mbili? – Msomaji, Mogotio

Inategemea mti. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Baringo mapema miaka ya 1980 kuzuia jangwa, umetapakaa hadi kumeza malisho. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi, na Wailchamus waliipeleka serikali mahakamani kwa sababu yake. Makaa ya mathenge yana faida: yanawaka vizuri na kila gunia linapunguza kichaka. Tatizo ni magunia yaliyochanganywa na mgunga, au juu mathenge na chini mgunga. Nunua kwa chama cha wachomaji kilichosajiliwa, dai kibali cha kusafirishia makaa, na bila karatasi hiyo liache gunia.

Msandali usiuguse hata kipande. Uvunaji wake porini umepigwa marufuku tangu 2007. Shubiri mwitu nayo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini. Sabuni ya shubiri yenye lebo ya kikundi nunua kwa furaha, utomvu mkavu kwenye kopo usinunue.

Gari letu ni saluni ndogo. Litafika? – Msomaji, Nyamasaria, Kisumu

Nakuru, Mogotio, Marigat hadi Kampi ya Samaki ni lami, na Loboi pia. Linafika. Kinachowasumbua wenye magari madogo ni miiba na mafuriko.

Mwiba wa mathenge hupenya tairi jembamba na upepo huisha polepole, hivyo pancha unaigundua asubuhi. Usiegeshe chini ya mti huo wala usiingie kwenye nyasi zake. Beba spea iliyojazwa upepo, jeki inayofanya kazi, kibao cha kuweka chini ya jeki (mchanga huimeza), na vijiti vya kuziba tairi lisilo na tyubu.

Mafuriko hushuka kutoka milima ya Tugen wakati Marigat ni kavu na anga ni samawati. Laga, yaani mkondo wa mto mkavu, inaweza kujaa ndani ya dakika chache. Maji ya sentimita 30 yanaanza kuliinua gari dogo, ya 60 yanabeba karibu gari lolote. Kama huoni lami chini ya maji, ngoja. Mara nyingi hupungua baada ya saa mbili au tatu. Aprili na Mei uliza kila kivuko kabla ya kuondoka. Na usipite Loruk kwenda upande wa Kapedo bila kuuliza polisi, hata ukiwa na gari la magurudumu manne.

Tukipiga picha za watu tuwalipe? Na watoto tuwape peremende? – Wanachuo, Egerton

Omba ruhusa kabla ya kamera kutoka mfukoni, na ukikataliwa shukuru uende. Wengine wana bei, ambayo ni haki yao. Kikundi cha ngoma lipa kupitia kiongozi wao, wote wakiona. Peremende msiwape watoto, zinawatoa shuleni kuja kungoja magari. Mkitaka kuchangia, muulizeni mwalimu mkuu shule inahitaji nini, mkabidhi ofisini.

Bebeni pia noti ndogo za 50 na 100, kwa kuwa mtandao hupotea na mama wa shanga hana chenji ya elfu moja. Mtandao ukiwepo mkamlipa kwa M-Pesa, wekeni na ya kutolea.